Mashine ya Mkurugenzi Haichemki

Jumatatu, 7 Julai 2025 (Sabasaba)

Mashine imefika! Imeshushwa mbele ya fremu yetu ya biashara saa nne asubuhi. Wanaume watano waliibeba, mimi nikawa wa sita, wa kutoa maelekezo. Ni ya kahawa ya espreso. Ya Kiitaliano. Inang'aa mpaka nimejiona uso mzima, nikagundua nina sura ya mkurugenzi. Mtaa mzima wa sokoni ulisimama. Hata Kasmir wa ng'ambo ya barabara, muuza kahawa ya birika, aliacha mkaa wake ukizimika akaja kuangalia. Akasema hongera. Hiyo hongera nimeiandika hapa kwa sababu sikuipenda.

Niliipata Mbeya, kwenye hoteli iliyokuwa inafungwa. Nimewapa pikipiki yangu, wamenipa mashine. Mke wangu Emerensiana anasema pikipiki ilikuwa inatembea. Huyu mwanamke hana upeo wa biashara. Miaka kumi na moja anauza chai, maandazi na uji wa ulezi kwenye fremu ile ile, na miaka yote hiyo hajawahi kuweka hata kibao.

Kibao nimekiweka leo. UFIPA ESPRESO. Chini yake: MKURUGENZI NI OSWALDI. Mchoraji alitaka kuongeza kikombe. Nikamwambia aache nafasi, huenda mbele ya safari nikaweka picha yangu.

Mashine ni pana. Ilibidi jiko la Emerensiana lipishe. Nimelihamishia barazani, pamoja na masufuria yake na wateja wake. Kwenye kona limebaki gunia la chumvi ya ng'ombe. Ni la Ndalahwa, mfugaji wa Kisukuma anayeishi Milepa, kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Alikuja mjini kununua chumvi ya mifugo, lori la kumrudisha bondeni likaharibika, akaomba gunia likae kwetu mpaka lori lipone. Nimemkubalia. Kampuni kubwa haikosi ghala.

Jioni Emerensiana akanisomea masharti. Jumapili mdogo wake, Yusto, aliyepewa upadre juzi tu, anaadhimisha Misa yake ya kwanza parokiani kwetu. Kwenye kamati ya sherehe kazi ya kahawa ilikuwa ya Kasmir. Mimi nilisimama nikaitwaa. Nilisema ni aibu padre wetu kunyweshwa kahawa ya birika kama mlinzi wa zamu. Watu walipiga makofi, nakumbuka vizuri. Sasa Emerensiana anasema: ikifika Jumapili jioni na wageni wa mdogo wake hawajanywa kahawa ya maana kutoka kwenye hilo dubwana, fremu ni yake, jiko linarudi ndani, na mimi nakwenda Kasense kwa mama yake kukata ulezi mpaka shamba liishe. Kwa kisu. Suke moja moja.

Nimekubali huku nacheka. Ulezi! Mtu mwenye mashine ya Kiitaliano!

Jumanne, 8 Julai

Leo nimeshughulikia suala la maji. Maji yetu ya bomba yanaacha ukoko mweupe kwenye masufuria ya Emerensiana. Mashine ya Ulaya huwezi kuinywesha kitu kama hicho. Nilifungua kitabu chake cha maelezo. Ni Kiitaliano kitupu, lakini mimi nilikaa seminari ndogo miaka miwili kabla hawajanishauri nirudi nyumbani, na Kilatini kikishaingia hakitoki. Neno la maji nililiona kila ukurasa. Nikaelewa kwamba wanataka maji safi kupita kiasi.

Na maji safi kuliko yote hapa Sumbawanga ni yapi? Maji ya betri! Si ile asidi, mimi si mwendawazimu. Nasema yale yaliyochujwa mpaka hayakubaki na kitu, ya kuongezea kwenye betri za magari. Hayana chumvi, hayana chokaa, hayana dhambi. Nimenunua madumu mawili duka la spea. Muuzaji akauliza nina gari gani. Nikamwambia nina Espreso. Akasema hiyo hajawahi kuiona barabarani.

Nikajaza tangi. Liko nyuma ya mashine, la plastiki, unaona mpaka ndani. Nikawasha. Taa nyekundu ikaanza kupepesa. Nikasubiri ya kijani. Nusu saa. Saa nzima. Nikagusa chuma: baridi kama pua ya mbwa.

Mteja wa kwanza alikuwa Ndalahwa. Alikaa, akavua kofia, akaiweka gotini. Baada ya saa moja akauliza kwa adabu kama imechemka. Nikamweleza kwamba mashine za Ulaya huanza kwanza kwa kutafakari. Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akavuka barabara kwenda kwa Kasmir.

Mchana nikapata jibu. Ni baridi! Julai ya hapa inamgandisha mtu aliyezaliwa hapa hapa, sembuse Mwitaliano. Nimeifunika blanketi letu la kitandani, lile zito, na juu nikaivisha kofia yangu ya sufu. Emerensiana ameuliza sisi tutajifunika nini. Maswali madogo madogo ya namna hiyo ndiyo yanayorudisha nyuma maendeleo.

Jumatano, 9 Julai

Blanketi halikusaidia. Mashine imelala vizuri kuliko sisi.

Nikamwita Loth, kijana fundi wa redio na friji. Akaja na mkoba wake, akanisalimu mambo vipi bosi, nikamwambia shikamoo haijafutwa. Akafungua mashine pembeni, akapima hiki, akapima kile. Akasema kinachochemsha ni kizima. Fyuzi nzima. Waya wazima. Akainama kwenye tangi, akatazama vijiti viwili vya chuma vilivyosimama ndani ya maji, akakuna kichwa. Akasema anavyoona yeye, mashine inadhani haina maji.

Nilicheka mpaka wanywa uji wa barazani wakachungulia. Tangi limejaa pomoni! Mtoto wa chekechea angeona! Nikalipiga kofi lile tangi ili maji yacheze, nikamuuliza hayo anayoyaona ni nini, mtama? Loth akauliza nimetia maji gani. Nikamjibu nimetia maji ambayo yeye na ukoo wake hawajawahi kuyafikia kwa usafi. Akataka nimwachie alete ndoo moja ya bomba ajaribu. Ya bomba! Ndani ya espreso! Nikamwambia arudi kwenye redio zake. Akaondoka haraka mpaka akasahau bisibisi.

Nilipotoka kupunga hewa nilimkuta Emerensiana barazani amechuchumaa, anaukinga moto kwa upande wa khanga, maana upepo unautawanya. Macho yamemwiva kwa moshi. Viganja vimepauka. Nilimhurumia kweli. Nikataka kumwambia arudishe jiko ndani. Halafu nikakumbuka kibao, hamu ikaisha.

Ndalahwa akaja tena. Akauliza kama imechemka. Akavuka barabara.

Alhamisi, 10 Julai

Nimebuni mbinu. Wajinga wanaitengeneza mashine. Mwerevu anaitengeneza imani ya mteja.

Alfajiri niliteka maji ya moto kwenye birika la Emerensiana bila yeye kujua, nikayatia kwenye chupa ya chai, na kahawa ndani yake. Chupa nikaificha chini ya kaunta. Mteja akija, mimi nampa mgongo, nabonyeza vitufe, nazungusha vishikio, napiga kelele za mvuke kwa mdomo, huku mkono wa kushoto unamimina kahawa kikombeni. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Ile shhhh ilinitoka vizuri sana. Ya krrrr ilihitaji mate mengi.

Ndalahwa akakaa, kofia gotini. Nikaanza. Shhhh! Krrrr! Nikabonyeza, nikazungusha. Shhhh! Mate yakanipalia. Nikakohoa, nikakohoa tena, chupa ikaniponyoka, ikabingirika mpaka miguuni pake. Akaiokota. Akaisoma ubavuni, ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu MAMA SHARON, USIGUSE. Ndilo jina la mke wangu hapa mtaani, Sharon ni binti yetu, yupo bweni.

Ndalahwa hakunisema. Aliiweka mezani polepole. Akasema kwao ng'ombe akivuta pumzi namna ile wanamchoma sindano mapema. Akavuka barabara. Na Emerensiana alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule. Alichukua chupa yake. Akaifuta mate yangu kwa khanga, na miaka kumi na tisa ya ndoa imenifundisha kwamba hiyo ni mbaya kuliko kutukanwa.

Zimebaki siku tatu kufika Jumapili. Wageni sitini.

Ijumaa, 11 Julai

Nimehujumiwa! Mtaa mzima unajua habari ya maji ya betri. Asubuhi wapiga debe wawili wamesimama mlangoni kwangu wakauliza kama wakinywa kikombe kimoja simu zao zitajaa chaji. Mama muuza dagaa akaniuliza kahawa yangu ni ya voti ngapi. Mwingine akasema kuanzia kesho ataniamkia fundi betri.

Ni Kasmir tu. Nani mwingine? Nikavuka barabara, mkono mfukoni, kama mtu aliyekuja kwa amani. Nikamweleza mbele ya wateja wake kwamba ninayo maswali kuhusu ile hongera ya Jumatatu. Kwamba watu hawasemi hongera bure. Kwamba Sumbawanga ni Sumbawanga, uchawi haukuanza jana, na wote tunaelewana. Kasmir akanitazama kwa huruma, akanisogezea kigoda, akanimiminia kahawa. Akasema habari ya betri imeletwa na muuzaji wa spea mwenyewe, yeye alikuwa akiwakataza watu wasicheke. Akasema pia kwamba kama Jumapili nitakwama, birika zake tatu zipo, nitume mtu tu.

Ona unafiki huo! Wanafiki wakubwa ndio wanaokupa kigoda.

Kahawa yake niliinywa. Ilikuwa baridi kali na sikuwa nimekula. Ninachojua ni kwamba ilikuwa na tangawizi, na kwamba vikombe viwili vilitosha kunijulisha mbinu zake zote.

Alasiri mwenyekiti wa kamati amepita kuuliza kama mambo yapo sawa. Nikamwambia yapo sawa mno. Akaiona mashine imevaa blanketi na kofia. Akauliza kama inaumwa. Nikamwambia inahifadhi nguvu.

Jumamosi, 12 Julai

Siku ya maajabu. Niandike taratibu.

Saa tatu alifika mama mkwe, Bibi Rozina, kutoka Kasense. Ndiye mama wa padre, kwa hiyo wiki hii anatembea kichwa juu kama amebeba ndoo. Nikamwamkia shikamoo mama. Akaitikia marahaba, akaingia, akaiona mashine ndani ya blanketi. Emerensiana akamweleza kila kitu. Kila kitu! Pikipiki, betri, chupa ya chai, mpaka ile krrrr.

Mama mkwe akasema kesho mwanawe hataaibishwa na bati. Akatoa kwenye mkoba chupa ya maji ya baraka. Sasa, maji ya baraka ya mama mkwe wangu si ya kawaida. Yanatiwa chumvi iliyobarikiwa, kama walivyofanya wazee wake, na mkono wake kwenye chumvi si mwepesi, iwe kwenye maharage iwe kwenye sala. Akaivua mashine kofia. Akainyunyizia mbele, akainyunyizia nyuma, akaikemea kwa Kifipa. Halafu akafungua tangi akaimiminia chupa nzima, gubu gubu gubu, kabla sijamshika mkono. Maji yangu safi!

Taa nyekundu ikazimika.

Ya kijani ikawaka! Mashine ikanguruma. Baada ya dakika kadhaa ikaanza kutoa mvuke, wenyewe, wa kweli, si wa mdomo wangu. Emerensiana akapiga kigelegele. Wanywa uji wakapiga magoti wakiwa na vikombe mkononi. Mimi sikupiga magoti mara moja, nilikuwa natafuta pa kushika.

Wakati huo huo Loth akaingia kuchukua bisibisi yake. Akatazama, akauliza kilichotokea, akaanza kucheka peke yake. Akaeleza hivi. Mashine haina macho. Vile vijiti viwili ndivyo vinavyoiambia kama kuna maji, kwa kupitisha umeme kidogo ndani ya maji kutoka kijiti hiki kwenda kile. Maji ya betri yamechujwa mno, umeme haupiti, basi mashine inaamini tangi ni tupu na inakataa kuchemka isije ikajiunguza. Chumvi kidogo ya mama imefanya umeme upite. Akasema tumwage yote, tutie ya bomba tu, yale yale ya kila siku, yanatosha. Mama mkwe akamwambia chumvi haifanyi kazi bila baraka. Loth akasema shikamoo bibi, sikatai.

Tukajaribu kikombe kimoja. Ndalahwa alikuwa amekaa tayari. Akanywa, akapumua, akasema imechemka. Emerensiana naye akanywa. Akatabasamu! Tangu Jumatatu sijaona meno yake. Akanishika bega, akasema Baba Sharon, kumbe ungesikiliza tangu mwanzo. Akanipa funguo za fremu, akaniambia nimwage maji yale, nitie ya bomba, nisiongeze kitu, nisibuni kitu. Asubuhi watakuja na mkokoteni kuichukua. Nikamwahidi. Nilifurahi kweli, niliona nina mke.

Wote wakaenda parokiani kupamba ukumbi. Nikabaki peke yangu na mashine, na akili yangu.

Nilimwaga maji. Nikatia ya bomba, kama nilivyoahidi. Nikaichunguza ndoo. Loth anadai maji ya bomba yana chumvi. Mbona haionekani? Kesho kuna wageni sitini, na mimi nitegemee chumvi isiyoonekana? Kama mkono mmoja wa bibi kizee umeleta mvuke ule, mikono mingi italeta mvuke wa namna gani? Hii ni hesabu tu. Chumvi ya jikoni Emerensiana ameifungia. Lakini kwenye kona si kuna gunia zima?

Nilichukua makopo matatu, kwa heshima ya Utatu. Nikakoroga mpaka ikayeyuka. Sijaonja. Kuonja ni kazi ya wapishi.

Jumapili, 13 Julai

Naandika nikiwa nimekaa juu ya debe, nyuma ya ukumbi wa parokia. Hapa hakuna mtu.

Misa ilikuwa nzuri. Yusto aliimba kwa sauti ya ukoo wao, mama mkwe akalia, Emerensiana akalia, mimi nikalia kidogo kwa mshikamano. Ukumbini mashine ilikuwa mbele, karibu na meza kuu, pembeni mwa spika za kwaya. Nimeivua blanketi mwenyewe. Watu wakasema aaah. Kasmir alikuwa kwenye viti vya nyuma kabisa. Nilimwona. Nilimpungia.

Niliwasha. Taa ya kijani, papo hapo! Mvuke! Povu! Povu lilizidi kidogo, lakini nikaona ni ishara ya ubora. Nikatoa kikombe cha kwanza, nikampelekea padre kwa mikono miwili. Mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba huyu ndiye shemeji yake padre, mkurugenzi. Nilitamani muda usimame hapo.

Padre Yusto akanywa. Akameza. Uso ukabaki palepale, lakini machozi yakamtiririka mashavuni. Mshereheshaji akasema jamani, padre amezidiwa na upendo wa familia! Vigelegele vikaanza. Kwaya ikadaka. Padre hawezi kutema siku ya Misa yake ya kwanza, basi akanywa tena. Nikamimina vikombe vingine, haraka, kwa furaha, vikapokelewa meza yote.

Halafu mama mkwe akanywa.

Mama mkwe hakupewa upadre. Alitema yote kwenye khanga mpya ya sherehe. Mwenyekiti wa kamati akakurupuka akitafuta maji. Katekista akanywa, akafanya ishara ya msalaba, akaweka kikombe chini ya kiti. Kwaya ikaendelea kuimba, maana wao walikuwa hawajanywa.

Ndalahwa peke yake alimaliza kikombe. Akalamba midomo. Akafikiri. Akalamba tena. Kisha akasimama mbele za watu na kusema, bila hasira yoyote, kwamba ladha hii anaijua, hii ni ya kwake, imetoka kwenye gunia lake. Akaongeza kuwa yeye binadamu kwa kweli imemshinda, ila ng'ombe wake wangeimaliza na ndoo wangelamba.

Ukumbi ulicheka mpaka bati likatetemeka. Padre alicheka akiwa bado na machozi. Emerensiana hakucheka. Alinitazama tu, na mkono wake ulikuwa wazi mbele yangu, unataka funguo. Ndipo mashine ikakohoa, ikatapika povu hadi kwenye maua ya meza kuu, ikatoa moshi, paa! Umeme ukakata. Spika kimya. Kinanda kimya. Mwanakwaya mmoja wa sauti ya nne, ile nzito, akabaki akiimba peke yake.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Kasmir, ambaye kumbe alishachomoka kitini, akaingia na birika tatu na jiko la mkaa. Nani alimtuma? Nimeuliza. Ni Emerensiana. Tangu jana alimwambia awe tayari.

Tangu jana! Wakati ananishika bega! Hiyo imeniuma kuliko yote. Mtu anakupa funguo kwa mkono mmoja, na mwingine anashika birika.

Funguo nimempa.

Jumatano, 16 Julai. Kasense

Siku ya tatu ya ulezi. Viganja vimetoka malengelenge. Mama mkwe anakata masuke matano mimi nakata moja, na lile moja analikagua. Jana alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Leo amesema tena, labda alidhani sikusikia.

Adhuhuri amerudi kutoka mjini na habari. Loth amefungua mashine, ameisafisha chumvi yote, amesugua vijiti, amebadilisha fyuzi. Wameijaza maji ya bomba. Inachemka tangu jana asubuhi bila kusimama. Jiko la Emerensiana nalo limerudi ndani. Vyote viwili vimeenea! Ilitakiwa tu kuigeuza mashine ubavu. Kasmir ndiye anayewakaangia kahawa na wanauza pamoja. Kibao kimepakwa upya: MAMA SHARON, UJI NA ESPRESO. Ile nafasi ya picha yangu wamechora andazi. Ndalahwa lori lake limepona siku mbili zilizopita lakini hajaondoka, anakunywa vikombe vitatu kwa siku.

Emerensiana amenitumia kahawa kwenye chupa yake ya chai, ile ya herufi nyekundu. Nimekaa kwenye tuta nikainywa yote. Ilikuwa ya moto bado. Ilikuwa nzuri. Nimemkumbuka mke wangu mpaka nikaona haya mbele ya mama yake. Nilisema moyoni, Oswaldi, safari hii umejifunza.

Na kweli nimejifunza. Nimeionja vizuri ile kahawa, na sasa najua kosa lilikuwa wapi. Chumvi haikuwa nyingi. Wateja ndio hawakuwa sahihi.

Ndalahwa alisema nini mbele ya ukumbi mzima? Kwamba ng'ombe wake wangeimaliza na ndoo wangelamba! Ana ng'ombe mia mbili, na jirani zake je? Bonde zima limejaa ng'ombe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunyweshwa espreso. Hawana Kasmir. Hawana birika. Hawatemi kwenye khanga. Jina tayari ninalo: UKANDA WA ZIWA RUKWA, ESPRESO YA MIFUGO.

Kinachotakiwa ni mashine kubwa zaidi, na nasikia kuna hoteli nyingine inafungwa Mbeya. Mama mkwe ana baiskeli. Ipo nyuma ya ghala la mahindi, haijafungwa.